Wanafunzi wa 1982 katika Redio na Benga: Suala la Kumbukumbu

Makala haya yanachunguza jinsi maandamano ya wanafunzi yaliyozimwa mwaka 1982 yanavyokumbukwa kupitia redio na muziki, hususan katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo baadaye iligawanywa ikazaa Homa Bay na Migori.

Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipoiteka Sauti ya Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana kuwaunga mkono. Jaribio hilo lilizimwa upesi, na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Tito Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988.

Kumbukumbu ya redio imemezwa na tukio la studioni. Simulizi mashuhuri ni ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyelazimishwa kutangaza mapinduzi. Humo mwanafunzi hana sauti. Ni sehemu ya umati tu.

Benga hufuata njia nyingine. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, aliukosoa utawala kwa jazanda za wanyama. Hadhira ya Kijaluo iliyolelewa na ngano haikuhitaji mfasiri. Dola nayo ilijua kufumbua, kwani msanii huyo alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake.

Hata hivyo, mhakiki asiichukulie benga kuwa hifadhi kamili ya historia. Fumbo huhifadhi uhusiano wa mwenye nguvu na mnyonge. Halihifadhi jina wala tarehe. Mnyama wa wimboni huweza kuwa mtawala yeyote wa zama zozote. Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake, na ndiyo hasara ya Adungosi. Diwani ya Alamin Mazrui, *Chembe cha Moyo* (1988), pia ina mafumbo, lakini tajriba ya mshairi aliyewekwa kizuizini mwaka 1982 huyafunga mafumbo hayo katika wakati wake.

Basi redio ina tarehe bila wanafunzi. Benga ina uchungu bila majina. Tarehe 7 Julai 2024, tamasha la kuwakumbuka vijana waliouawa katika maandamano lilifanyika hadharani katika Bustani ya Uhuru. Wafu wa 1982 hawakupata jukwaa kama hilo. Uhakiki unaozisoma redio na benga kwa pamoja ndio utakaowarudishia nafasi yao.