Zakaria na simu ya binti yangu

Mara ya kwanza kusoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nilikuwa sekondari, na Zakaria alinichekesha. Mlevi, hana lolote, lakini akiingia nyumbani kila mtu anatetemeka. Darasani tuliandika "malezi mabaya", tukapata alama zetu, basi.

Mwezi uliopita, hapa Mpemba, nilikuta meseji ya mvulana kwenye simu ya binti yangu wa kidato cha pili. Nikajikuta nimeshika mkanda. Sikupiga, ila mkono ulishanyanyuka na mtoto aliuona. Usiku nikaitafuta riwaya.

Ile sehemu ya barua ya Charles sasa hainichekeshi hata kidogo. Zakaria anampiga Rosa kipigo ambacho mtoto hapaswi kupigwa, na safari hii niliona kitu kilichonipita zamani: hapo ndipo anapojiona baba kweli. Mzigo wa nyumba anao Regina. Pesa zimeishia kwenye pombe. Kilichombakia cha kumwonyesha kuwa ni mwanaume ni fimbo. Na anachokipanda kwa Rosa ni hofu ya wavulana, ambayo baadaye inapasuka vibaya sana.

Kitabu kilitoka 1971, kikazuiwa mashuleni kwa muda. Walikiona kichafu, kwa sababu ya mambo ya Rosa na wanaume. Sijawahi kumsikia mtu aliyeona uchafu kwenye mkono wa Zakaria. Hapo namlaumu kidogo na Kezilahabi mwenyewe: simulizi inamfuata binti hatua kwa hatua, nasi wasomaji tunageuka mahakimu wake, baba tumeshamsahau kilabuni.

Utaambiwa hao ni wanaume wa zamani, siku hizi tumebadilika. Labda. Foleni ya malori ya Zambia ikirudi nyuma kutoka mpakani mpaka huku kwetu, utawakuta madereva wanasonga ugali kando ya trela, fulana walizofua wenyewe zimeanikwa kwenye kamba. Hakuna anayewacheka. Nilimuuliza mmoja kama na nyumbani anapika. Alicheka mpaka mwiko ukasimama: "Nyumbani si kuna mama watoto, kaka?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe napika Jumapili, tena najisifu, na bado mkanda ulikuja mkononi wenyewe.

Simu nimemrudishia. Sasa anaomba kile kitabu nilichokuwa nasoma usiku, nami sijampa bado.