Namna ya Kumjua Fundi wa Maikrofoni za Utepe

Wanunuzi wengi wa maikrofoni za zamani kama RCA 44 au 77-DX huanzia kwenye gamba: kromu inang'aa, rangi haijabanduka, nembo ipo mahali pake. Siwalaumu, vyombo hivi vinapendeza kweli. Ila gamba linaweza kusuguliwa kwa siku moja na mtu asiyejua lolote kuhusu sauti. Kazi ya fundi iko ndani, kwenye kipande cha alumini ambacho pumzi tu hukitikisa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuikagua kwa masikio yako bila kugusa skrubu.

Aina ya 44 ilitoka RCA, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mikononi mwa Harry Olson na wenzake. Utepe mwembamba unaning'inia kati ya ncha mbili za sumaku, hewa inausukuma mbele na nyuma, nao wenyewe ndio unaozalisha umeme. Umeme huo ni mdogo mno, na ukinzani wa utepe haufiki hata omu moja, kwa hiyo lazima upite kwenye transfoma ndipo uweze kusafiri kwenye kebo. Utepe wa RCA una unene wa takriban mikroni 2. Ule wa maikrofoni ya 4038, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC na kutengenezwa na kampuni ya STC miaka ya 1950, una mikroni 0.6. Foili ya kufungia chakula jikoni huzidi mikroni 10.

Hapo ndipo mafundi wanapoachana njia. Foili nene ni rahisi kuikata, kuikunja na kuifunga, na anayetaka kumaliza kazi haraka ataichukua hiyo. Maikrofoni itatoa sauti, mteja atafurahi, ataenda zake. Akifika studio atagundua kwamba anapandisha sauti mpaka mwisho na bado ni hafifu, matoazi yamepoteza makali, na nyuma ya kila kitu kuna "shhh" isiyoisha. Utepe mzito hauwezi kukimbizana na sauti za juu.

Kosa la pili ni kuuvuta utepe sana, na hili huwapata hata mafundi wenye foili sahihi. Utepe uliofungwa vizuri unaonekana kama umelegea. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani haujakazwa bado. Unapaswa kulegea kiasi kwamba mtetemo wake wa asili unakaa chini kabisa, pasipo na muziki. Ukikazwa, mtetemo huo unapanda na kuingia kwenye besi yenyewe: noti moja inavimba, zilizo chini yake zinapotea. Omba upigiwe gitaa la besi kwa sauti ya chini, noti moja moja kwa ngazi. Ikiwa mojawapo inaruka juu ya wenzake bila sababu, utepe umebana. Ikiwa mojawapo inakwaruza, utepe unagusa ncha ya sumaku au kuna chenga za chuma kwenye mwanya.

Chenga hizo ni janga la kimyakimya. Sumaku huzivuta kutoka mezani, kwenye nguo, kwenye vidole. Fundi mzuri utamjua kwa meza yake: imefunikwa karatasi safi, hakuna msasa wala tupa karibu, na vijiti vyake vya kazi ni vya mianzi au shaba. Bisibisi ya chuma ikisogezwa karibu na mwanya inanyakuliwa na sumaku na kupita katikati ya utepe kabla mkono haujawahi kuizuia.

Jaribio lingine la masikio ni hili. Kwa 44 au 4038, simama sentimita 30 mbele yake, useme maneno machache kwa sauti ya kawaida; kisha zunguka nyuma useme yaleyale. Rekodi zote mbili zinapaswa kukaribiana sana kwa ukubwa na rangi ya sauti. Halafu simama ubavuni kabisa, usawa wa ukingo wa utepe: sauti yako izame, karibu iishe. Upande mmoja ukiwa hafifu, au ubavu ukiendelea kusikika vizuri, nashuku utepe umekaa upande au umepinda. Kwa 77-DX angalia kwanza skrubu ya nyuma yenye herufi U, N na B. Jaribio hili lina maana ikiwa iko B tu.

Muuzaji atakuonyesha multimita na kusema, "Inasoma vizuri." Inasoma nini? Ukipima kwenye plagi unapima nyuzi za transfoma za upande wa kutolea. Utepe unaweza kuwa umekatika vipande viwili na mita isitikisike. Kuupima utepe wenyewe kwa mita nako kuna hatari, kwa sababu umeme wa mita unausukuma.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni alichoacha fundi bila kukigusa. Sauti ikiwa hafifu, fundi wa haraka husema utepe umekufa. Fundi wa kweli hufungua chini kwanza. 44-BX na 77-DX zina nafasi tatu za kufunga nyaya za transfoma: omu 30, 150 na 250. Iliyofungwa kwenye 30 hutoa sauti iliyo chini kwa takriban desibeli 9 kuliko ya 250, na haina ugonjwa wowote. Vivyo hivyo besi ikikosekana: huenda swichi iko kwenye V2, nafasi iliyowekwa kwa ajili ya watangazaji wanaoongea karibu, badala ya M ya muziki. Naamini tepe nyingi nzuri za asili zimetupwa kwa sababu ya swichi.

Muulize pia kama aliitoa sumaku. Sumaku za alniko zikitenganishwa na vyuma vyake bila kuwekewa chuma cha kuziunganisha hupoteza nguvu, na hazirudi zenyewe mpaka zichajiwe upya. Mtu anayejivunia kwamba "nimeifungua yote, nikaisafisha kila kitu" ananitia wasiwasi zaidi kuliko anayekuambia alibadilisha waya mmoja. Transfoma ya asili ikiwa nzima, iliyobadilishwa naihesabu kuwa hasara, hata kama mpya ina vipimo bora kwenye karatasi. Na utepe ukibadilishwa, dai ule wa zamani pamoja na rekodi za kabla na baada. Fundi asiyeweza kukupa rekodi hajakupa kazi, amekupa ahadi.

Ukiichukua maikrofoni, isafirishe ikiwa wima, ndani ya mfuko, mbali na upepo wa mlango wa gari unaofungwa kwa kishindo. Ikilazwa miezi kadhaa utepe huzama kwa uzito wake. Kebo ipime kabla ya kuichomeka. Volti 48 za mikisa hazina madhara kebo ikiwa nzima, ila waya mmoja ukigusa kinga yake, mshtuko unapita kwenye transfoma na kuurusha utepe. Kwa kuimba kwa upole utahitaji ukuzaji wa desibeli 60 au zaidi. Mikisa yako isipofika hapo, nunua kikuzaji kidogo cha katikati ya kebo: kinaendeshwa na volti hizohizo 48 na kuzizuia zisifike kwenye maikrofoni.