Chukudu, Pikipiki Kubwa Isiyo na Injini

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa kupanda na kushuka. Ukitoka Nguba kando ya Ziwa Kivu ukaelekea Panzi, au ukijitosa kwenye vilima vya Kadutu, barabara hainyooki kwa muda mrefu kabla haijakata kona au kushika mlima. Mizigo humo huenda kwa malori, kwa pikipiki, na kwa migongo ya akina mama waliofunga kamba kwenye paji la uso. Chukudu ni nadra kuiona. Hata hivyo, sokoni Bukavu, anayenunua viazi au kabichi iliyokuja kwa mashua kutoka Goma huenda ananunua kitu kilichosafirishwa kwa chukudu kabla ya kufika majini.

Chombo chenyewe ni cha mbao karibu chote. Kina ubao mrefu wa kuwekea mzigo, magurudumu mawili ya mti, na usukani mpana uliopinda kama pembe za ng'ombe. Hakina pedali, mnyororo wala injini. Kwa kawaida urefu wake unakaribia mita 2, nacho hubeba kilo 400 na zaidi. Zile kubwa kabisa husemekana kufikisha 800. Kilizaliwa Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, enzi za Zaire ya Mobutu, uchumi ulipokuwa ukiporomoka na mkulima akabaki na mavuno yake mlimani bila gari la kuyashusha.

Wapenzi wa pikipiki nzito za safari ndefu, hasa zile za Harley-Davidson, kampuni iliyoanzia Milwaukee, Marekani, mwaka 1903, huweza kukaa saa nzima wakisifu umbo la pikipiki hizo: kiti kilichoshuka, magurudumu yaliyoachana mbali, usukani uliotanuka. Umbo hilo halikuja kwa ajili ya picha. Uzito ukikaa chini, chombo hakiyumbi ovyo. Magurudumu yakiachana, kinashika njia yake hata barabara ikiwa mbovu. Usukani ukiwa mpana, mkono wa mtu mmoja unatosha kugeuza kitu kizito kuliko yeye mara kadhaa. Fundi wa chukudu wa Masisi au Rutshuru, huko Kivu Kaskazini, alifika kwenye umbo hilohilo kwa njia yake, kwa sababu naye alikuwa na uzito wa kuutiisha. Hapo ndipo heshima ya kazi yake inapoanzia.

Kuna sauti pia. Injini ya jadi ya Harley ina silinda mbili zilizoachana kwa pembe ya digrii 45, na pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja, hivyo miwako haifuatani kwa vipindi sawa: mmoja huja baada ya digrii 315, unaofuata baada ya 405. Mdundo ule wa kuchechemea ambao watu huutambua hata kabla pikipiki haijatokeza, hapo ndipo unapotoka. Chukudu nayo hujitangaza. Gurudumu linapogonga mawe ya volkano, mngurumo wake husikika kutoka mbali, na wenye kutembea barabarani hujua kwamba wakati wa kupisha umefika.

Sehemu inayodai ustadi mkubwa zaidi ni gurudumu. Fundi hulichonga likawa duara, halafu hutoboa katikati tundu la kupachika beringi kuukuu ya gari. Tundu likienda pembeni kidogo tu, gurudumu litapepesuka, na chini ya kilo 400 kupepesuka huko hugeuka ufa. Ukingoni huzungushiwa ukanda uliokatwa kwenye tairi chakavu na kupigiliwa misumari. Hakuna tyubu ya kupasuka. Katika mji wa Goma, ambao volkano ya Nyiragongo iliumwagia lava mwezi Januari 2002, ikaacha mawe makali barabarani, huo si upungufu wa teknolojia hata kidogo.

Mbao zenyewe huchaguliwa. Mkaratusi hutumika sana, pamoja na mti mgumu uitwao mumba. Chukudu moja huchukua siku moja hadi tatu kutengenezwa, na ikitunzwa hudumu miaka miwili au mitatu.

Mtazame mwendeshaji akiondoka na mzigo mwepesi. Goti moja limetua juu ya ubao, mahali palipopigiliwa kipande cha kandambili au sponji ili lisichubuke. Mguu wa pili unasukuma ardhi. Nyuma, juu ya gurudumu, kinaning'inia kipande cha tairi. Hiyo ndiyo breki: anakikanyaga, mpira unasugua gurudumu, mwendo unapungua. Kutoka nyanda za Kibumba kushuka Goma, mteremko ndio injini yake, na kipande hicho cha mpira ndicho kinachomtenga na ajali. Kupanda ni shughuli nyingine: hapo husukuma kwa mabega, mara nyingi wakiwa wawili au watatu.

Labda hii ndiyo sababu Bukavu haikuikumbatia chukudu. Chukudu hutaka mteremko mrefu, unaojulikana, wenye nafasi ya kusimama. Miteremko ya Bukavu ni mifupi, imejaa kona na watu.

Anayeiona chukudu kuwa kitu cha kizamani akumbuke kwamba pikipiki yenyewe imetoka kwenye mti. Baiskeli ya Karl Drais ya mwaka 1817, Ujerumani, ilikuwa ya mbao na ilisukumwa kwa miguu. Wako wanahistoria wanaoihusisha na uhaba wa chakula cha farasi uliofuata mlipuko wa volkano ya Tambora mwaka 1815. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walipotia injini ya petroli kwenye chombo cha magurudumu mawili mwaka 1885, fremu na magurudumu yake yalikuwa ya mbao pia.

Goma imeitambua hadhi ya chukudu. Tangu mwaka 2009 sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu imesimama katikati ya mzunguko wa barabara, mahali ambapo miji mingi ingemweka jenerali. Aliyechaguliwa ni mtu wa mzigo. Na vita vinaporudi, vyombo hivyohivyo hubeba magodoro, masufuria na watoto wa wanaokimbia.

Sasa pikipiki za magurudumu matatu zinaichukua kazi ya chukudu kidogo kidogo, kwa kuwa zina kasi na hazimchoshi mtu goti. Vyuo vya ufundi vya Goma na Bukavu vina mafundi walio hai wa kuwauliza: pembe ya usukani inapimwaje bila bikari, mti gani huwekwa kwenye kiungo gani, kwa nini gurudumu la mbele lina ukubwa ule. Majibu hayo yamo mikononi mwa watu wanaofanya kazi leo kando ya barabara, kwa panga, msumeno na patasi.