Mwezi wa Kambi

Muziki wa dansi, yaani ule muziki wa magitaa, tumba na ala za kupuliza uliokua katika miji ya Tanzania Bara tangu bendi kama Dar es Salaam Jazz zilipoundwa miaka ya 1930, umezoeleka kusimuliwa kwa kumbi zake, na anayeandika habari za mtunzi na mwimbaji wa muziki huo kwa kawaida humtafuta jukwaani, usiku wa Jumamosi, kipaza sauti kikiwa mkononi. Insha hii inamtafuta mahali pengine. Inamfuata katika mwezi ambao kumbi nyingi za Dar es Salaam hunyamaza, mwezi mtukufu wa Ramadhani, kwa sababu ndani ya siku hizo zisizo na onyesho ndimo kazi yenyewe ya kutunga huonekana ikiwa peke yake, bila taa na bila makofi, na anayeitazama kazi hiyo kwa makini huona kwamba inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mwezi huo hutanguliwa na siku za kuvunja jungu, ambazo ni karamu na starehe za mwisho wa Shaabani kabla watu hawajaanza kufunga, na katika siku hizo bendi hupiga mfululizo ili kujiwekea akiba. Bendi nyingi za leo huishi kwa mlango, yaani kiingilio kinacholipwa getini: mwenye baa huchukua mapato ya vinywaji, nao wanamuziki hugawana kilichopatikana mlangoni baada ya kutoa gharama za usafiri na vyombo. Mlango ukifungwa kwa siku 29 au 30, hakuna cha kugawana. Haikuwa hivyo siku zote. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ambayo kwa kubadilishwa majina mara kadhaa ndiyo Msondo Ngoma ya baadaye, iliwaweka wanamuziki wake katika ajira ya mshahara, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC), ilifuata njia hiyohiyo, hata Ramadhani ikawa inamkuta mtunzi wa enzi zile na uhakika wa mwisho wa mwezi. Mtunzi asiye na ajira hiyo huipokea Ramadhani kwa cherehani, kwa kufundisha gitaa, kwa bodaboda au kwa daftari la madeni la duka la mtaani, na ni haki kulisema hili mapema, kwamba ufundi unaosifiwa hapa hufanywa na mtu anayehesabu pia unga wa uji wa futari.

Kumbi zikishanyamaza, bendi huweka kambi. Kuweka kambi ni kukusanyika kwa mazoezi ya siku nyingi kwa nia ya kutengeneza vibao vipya vitakavyozinduliwa sikukuu ya Idd. Baadhi hufanya mazoezi mchana, wengine huyasogeza hadi baada ya sala ya tarawehe, na magitaa hupigwa kwa sauti ya chini ili jirani aliyefunga asikwazike. Lakini kabla ya wenzake hawajakutana, mtunzi huwa amekwisha kuingia kambi yake mwenyewe, nayo ni kambi ya masikio.

Nyimbo za dansi tangu zamani zimekuwa nyimbo za mambo ya watu: ndoa iliyovunjika, ndugu waliogombania mirathi, kijana aliyeukimbilia mji na mji usimpokee, mama anayesubiri barua, msiba. Mambo hayo hayavumbuliwi na mtunzi. Huyakuta barazani, kwenye foleni ya maji, ndani ya daladala, na hasa katika ile saa moja kabla ya magharibi ambapo katika Ramadhani mtaa mzima hutoka nje kusubiri adhana, watu wakiwa wamechoka kiasi cha kusema ukweli kuliko kawaida yao. Anachokichukua hapo si kisa, maana visa vyote vya ndoa vinafanana. Anachokichukua ni ile sentensi moja ambayo mwenye shida aliitumia kuibeba shida yake, yenye mpangilio wa maneno ambao mtu aliyeshiba na kutulia asingeweza kuufikiria. Mtunzi mwenye busara haiandiki mara moja. Huiacha kichwani siku tatu, siku nne, akaenda nayo sokoni na kulala nayo, na ikiwa baada ya siku hizo bado inamrudia bila kuitwa, hujua kwamba ina uzito wa kubeba wimbo. Iliyosahaulika haikuwa yake.

Hapo ndipo linapoanza lile lililo gumu zaidi katika ufundi huu, yaani kulisema jambo la jirani hadharani bila kumvua jirani nguo. Njia iliyopatikana katika dansi ni kuazima nafsi: mtunzi haimbi kwamba fulani ameachwa, bali huimba kwamba ameachwa yeye. Kiswahili humsaidia hapa, kwa kuwa kiambishi cha nafsi ya kwanza hakitaji jinsia, na mwanamume mwenye masharubu anaweza kuimba beti nzima akiwa mke wa mtu bila kubadili chochote isipokuwa kiambishi cha kauli ya kutendwa, kwa sababu katika matumizi ya kawaida mume huoa na mke huolewa, mume huacha na mke huachwa. Sauti hiyo ndogo ya *w* ikiingia katika kitenzi, mwimbaji huwa amevuka akaingia upande wa pili wa nyumba. Wasikilizaji hulielewa hilo papo hapo, wala hakuna anayecheka, na mwanamke aliyeketi nyuma ya ukumbi husikia habari zake zikisemwa na mtu mwingine kwa uchungu kamili huku yeye akibaki na sitara yake. Wapo wanaodhani kwamba fumbo, ambalo ni usemi wenye maana ya juu na maana ya ndani, hutumiwa na watunzi kwa woga au kwa kupenda mapambo. Maoni hayo hayalitendei haki fumbo, kwa kuwa fumbo kwanza ni adabu. Ni namna ya kumwambia mtu ukweli na bado kumwachia mahali pa kusimama.

Remmy Ongala, mtunzi na mwimbaji wa dansi aliyezaliwa Kindu nchini Kongo mwaka 1947 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2010, alilijua hilo hata alipoonekana kusema waziwazi. Katika wimbo wake wa *Mambo kwa Soksi* aliitaja kinga ya UKIMWI kwa jina la vazi la mguuni, wakati ambapo jambo lenyewe lilikuwa zito kutamkika mbele ya wakwe na watoto, na kwa neno hilo moja la nyumbani aliwapa watu njia ya kulizungumza lile lililokuwa likiwaua.

Baada ya kupata sentensi na nafsi ya kuisema, mtunzi huingia katika kazi ya silabi, ambayo huchukua sehemu kubwa ya kumi la pili la mwezi na ambayo wasikilizaji hawaioni kabisa inapofanywa vizuri. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo wa muziki nao una mapigo yake mazito, kwa hiyo pigo zito lisipoangukia silabi yenye mkazo, neno huchechemea na wakati mwingine hugeuka kuwa neno jingine. Mfano mashuhuri ni *barabara*, ambalo likitiwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, na likitiwa kwenye silabi ya pili maana yake ni sawasawa. Mtunzi aliyepata sauti tamu ya kuimbia *rudi* hawezi kuichukua sauti hiyohiyo akaitia *rudini*, kwa sababu kiambishi kimoja kimeusogeza mkazo mbele, na tuni yote sharti ifuatane nao au ivunjwe na kujengwa upya. Kuna pia ile *m* inayosimama peke yake kama silabi, mfano katika *mtoto*, ambayo washairi huihesabu kuwa mizani kamili japokuwa haina irabu: mwimbaji hana budi kuipa noti yake, midomo ikiwa imefumbwa, na waimbaji wakubwa wa dansi wameigeuza dosari hiyo kuwa pambo, wakiivuta kidogo kama mtu anayeguna kabla ya kusema jambo zito.

Irabu za mwisho nazo zina sheria zake. Kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, kupata vina ni rahisi mno, na urahisi huo ndio mtego. Anayeridhika na vina vya mwisho tu hutoa beti zinazolingana na zisizogusa mtu. Swali la mtunzi mzoefu ni irabu ipi ikae pale sauti inapopanda juu, maana *i* na *u* huubana mdomo ilhali *a* hulifungua koo na kuiachia sauti iende hadi kwenye meza za mwisho za ukumbi. Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, aliimba *Georgina*, *Mwanameka* na *Zuwena*, na ingawa ni kweli kwamba majina mengi ya wanawake huishia na irabu hiyo, ni vigumu kuamini kwamba mwimbaji mwenye sikio kama lake hakujua alichokuwa akikipata kila alipofika mwisho wa jina. Wanaosema kwamba maneno ya dansi ni mepesi kwa sababu hayafuati urari wa shairi la kimapokeo wangepaswa kujaribu kuyaandika.

Kisha wimbo hupelekwa kambini, na hapo mtunzi hujifunza unyenyekevu. Huuimba mbele ya wenzake bila ala, na kila mmoja huanza kutafuta nafasi yake: mpiga gitaa la solo hutafuta mwanya wa kujibu kila mstari, mpiga besi huuliza wimbo unapumulia wapi, wapulizaji hutunga vipande vya tarumbeta na saksafoni vitakavyotenganisha beti, waimbaji wengine hugawana sauti za kuitikia, na wote kwa pamoja huamua ni lini sehemu ya taratibu, inayobeba habari, iiachie nafasi sehemu ya kuchemka, inayobeba miguu. Ubeti uliomgharimu mtunzi wiki nzima unaweza kukatwa kwa dakika moja kwa sababu tu unachelewesha gitaa, naye hukubali, kwani bendi ikishakataa kitu kwa mikono, hoja za mdomo hazisaidii.

Kuhusu malipo ya akili hiyo yote, maelezo ni mafupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini nyimbo nyingi zilizoujenga muziki huu zilirekodiwa miaka mingi kabla yake, katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Marijani Rajab alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka takribani 40, bila mali inayolingana hata kidogo na wingi wa watu waliozijua nyimbo zake kwa moyo. Hilo ni deni, na halijalipwa.

Siku za mwisho za mwezi humrudisha mtunzi kwenye hesabu. Mabango ya uzinduzi hubandikwa mitaani yakisema Idd Mosi na Idd Pili, mara nyingi pasipo tarehe ya hakika, kwa kuwa tarehe inategemea mwezi kuandama, na mwanamuziki wa dansi, awe Mwislamu au Mkristo, huitazama mbingu ya magharibi jioni ya siku ya 29 kwa hamu ileile. Ana sababu nyingine ya kuhesabu. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko ule wa kalenda ya serikali kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo sikukuu husogea kila mwaka kulinganisha na siku ya mshahara: kuna miaka ambayo Idd huangukia tarehe 28, watu wakiwa na fedha mkononi, na kuna miaka ambayo huangukia wakati mwezi uko kwenye kona, kama wasemavyo watu wa mjini, yaani siku za katikati ambapo mshahara wa nyuma umekwisha na wa mbele haujaonekana. Wimbo ule ule, uliotungwa kwa uangalifu ule ule, huweza kuzaliwa mbele ya ukumbi uliojaa au mbele ya viti.

Usiku wa Idd Mosi unapofika, wimbo mpya hauchezwi mara ya kwanza upigwapo, kwani wapenzi wa dansi husimama wakausikiliza, vichwa vimeinama, wakipima habari yake. Kibwagizo kikirudi mara ya tatu, wachache huanza kukidaka, na hapo mtunzi huishusha sauti yake na kuwaachia, akisikiliza kwa makini mno, kwa sababu mara nyingine watu huimba neno tofauti kidogo na lile aliloandika, neno linalokaa vizuri zaidi mdomoni kuliko lake. Kwenye onyesho la Idd Pili huliimba kama walivyoliimba wao.