Kipaza Sauti cha Mgombea

Joseph Haule, yaani rapa wa Tanzania Professor Jay, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, wakati wazazi wengi bado wanaihesabu Bongo Flava kuwa uhuni. Humo mna wimbo wa "Ndio Mzee", na hata waliokuwa wakiwakataza watoto redio walitega sikio.

Katika wimbo huo, mgombea yuko jukwaani anamwaga sera. Wanafunzi watakwenda mwezini kufanya majaribio. Mabomba yatatoa maziwa. Umati unaitikia "Ndio mzee" kwa shangwe. Msanii hamtukani mgombea huyo hata kidogo, wala hatuambii kuwa ni mwongo. Kampa kipaza sauti, basi. Ufundi wenyewe uko kwenye kile kiitikio: uko kwenye daladala au kwa kinyozi, unashtukia umeshaitikia pamoja na umati kabla hujapima ulichoahidiwa. Wengine wangemsema mwanasiasa peke yake. Haule alitusema na sisi tunaoshangilia.

Kiitikio na majibizano ni mali ya zamani ya ushairi wetu. Mizani ya nane kwa nane aliiacha, akafuata mdundo, ila vina vya mwisho hakuvilegeza. Baadaye akatoa wimbo wa "Siyo Mzee", na safari hii umati unakataa. Malenga walizoea kujibizana wao kwa wao magazetini. Huyu alijijibu mwenyewe, na kwangu mimi jibu hilo ndilo lililoikamilisha kazi.

Mwaka 2015 akapanda jukwaani kweli, akigombea ubunge wa Mikumi, wilayani Kilosa, kwa tiketi ya CHADEMA. Hebu fikiria ugumu wake: unaomba kura kwenye jimbo la hifadhi, miwa na malori ya barabara kuu ya Iringa, mbele ya watu walioukariri wimbo wa mgombea wa ahadi hewa, na mtunzi ni wewe. Wakampa. Alikaa bungeni hadi uchaguzi wa 2020, akashindwa.

Mwaka 2022 aliugua sana. Mwaka uliofuata akarudi na wimbo wa "Siku 462", muda aliouguza mwili wake, akishirikiana na mwimbaji Walter Chilambo. Tangu kijana mwenye majuto wa "Chemsha Bongo", enzi za kundi la Hard Blasters, Haule amekuwa hodari wa kuvaa sauti za watu. Humu hakuvaa ya mtu. Ni Joseph mwenyewe, anashukuru.