African Motors: kitabu kizuri, ila difu hakijaifungua

Tuanzie barabarani. Masika, kati ya Mashewa na Magoma, Land Rover Series IIA ya mjomba wangu imejaa mahindi. Dereva anaachia klachi kwenye tope, tunasikia “tak!” moja, basi. Injini inanguruma, gia zinaingia, gari halisogei. Mimi na digrii yangu nikasema klachi. Fundi akachuchumaa, akachungulia chini dereva akiwa ametia gia. “Msomi, huioni propela inavyozunguka? Klachi nzima, giaboksi nzima. Haf shafti ya nyuma imekatika.” Akamwambia dereva atie fowili. Gari likatoka, likavutwa na magurudumu ya mbele mpaka nyumbani.

Watu wa aina hii ndio Joshua Grace, mwanahistoria, anawapa nafasi ya mbele katika African Motors (Duke University Press, 2021). Hoja yake ni kwamba gari halikubaki kitu cha mgeni hapa Tanzania. Madereva na mafundi waliligeuza kuwa teknolojia yao, na gereji ni mahali pa maarifa, si pa kubahatisha. Nakubaliana naye. Ukizoea kusikia kwamba Afrika “haina teknolojia”, kitabu hiki kitakufanyia kazi nzuri.

Shida yangu ni kwamba unakifunga ukiwa unamheshimu fundi, lakini hujui kwa nini alikuwa sahihi. Difu hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa magurudumu mawili. Upande mmoja ukikatika hauna ukinzani, kwa hiyo haupokei kitu, na mwenzake naye hapokei kitu. Nguvu yote inaishia kuzungusha kipande kilichokatika. Kwenye Land Rover zile hakuna difu katikati: ukitia fowili, propela ya mbele inafungwa pamoja na ya nyuma, ekseli ya mbele inapata kazi. Hiyo ndiyo fizikia aliyoifanya fundi akiwa amechuchumaa.

Utasema Grace ni mwanahistoria, tusimdai fizikia. Sawa. Lakini heshima peke yake haitutenganishii utambuzi sahihi na bahati, na hapo ndipo pesa inapopotea. Gari hilohilo, mwaka uliofuata, likaanza kumisi na kukosa nguvu mlimani. Fundi mwingine, gereji nyingine, akasikiliza kidogo: “Ringi zimekwisha, ovaholi.” Mjomba akauza mbuzi. Ringi mpya zikaingia, gari likaendelea kumisi vilevile. Kumbe valvu moja ya ekzosti ilikuwa imeungua! Kazi ya kufungua silinda hedi tu.

Sikio lilisikia kweli kwamba silinda moja haifanyi kazi. Lisingeweza kusema kwa nini. Kipimo kipo na hakihitaji geji: chomoa waya wa koili, toa plagi zote, ziba tundu moja kwa kidole gumba, mtu apige stata. Kidole kinasukumwa kwa nguvu kwenye silinda nzima. Kwenye mbovu kinasukumwa kinyonge. Sasa mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye ile mbovu, rudia. Oili huziba pengo kwenye ringi. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda imelika. Usipopanda, tazama valvu au gasketi. (Hii ni kwa injini ya petroli, usiende kuijaribu kwenye dizeli.)

Mafundi wengi wanakijua kipimo hiki, ni maarifa ya gereji kabisa. Ningependa kitabu kinachowaheshimu kiasi cha kuwahoji: huyu alipimaje, yule alikosea wapi? Ukimsifu fundi bila kumkagua, unamwacha mjomba bila swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kisome hata hivyo, hasa sehemu za gereji. Na kama una Series IIA, weka haf shafti mbili za akiba chini ya kiti, si moja: ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu.