Kuipima fomu inayokuomba baruapepe

Fomu ya wavuti ipimwe kwa simu, pale Ggaba, Kampala, karibu na soko la samaki, bando likielekea kwisha. Gusa kisanduku cha baruapepe. Kibodi ikileta @ mbele bila wewe kuisaka, ujue fundi alitumia kisanduku maalumu kilichokuja na HTML5. Ni kazi ndogo mno, na bado wapo wanaoiruka.

Kisha ijaribu kwa anwani halali ambazo hazijazoeleka: yenye alama ya kujumlisha kabla ya @, yenye koma ya juu kama ya jina Ng'ang'a, na inayoishia .africa, kikoa kilichoanza mwaka 2017. Zamani mafundi walidai herufi mbili hadi nne baada ya nukta ya mwisho, ilhali .museum ilikuwapo tangu 2001. Fomu inayoikataa anwani halali ni mbovu, hata iwe na sura nzuri kiasi gani.

Angalia pia nafasi. Kibodi ya simu ikikupendekezea neno, mara nyingi huacha nafasi mwishoni. Fomu nzuri huiondoa yenyewe. Mbaya hukwambia "anwani si sahihi", nawe unaitazama upya herufi kwa herufi bila kuona kosa, kwa kuwa nafasi haionekani. Huko ni kumwonea mtu.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni g ya pili ya Ggaba. Majina ya Kiganda yamejaa herufi maradufu mwanzoni: Ggaba, Ssemakula, Nnalongo. Ukidondosha moja, anwani inabaki na umbo kamili, ila sasa ni ya mtu mwingine, au si ya yeyote. Hakuna kanuni ya herufi itakayolinasa kosa hilo. Kudai anwani iandikwe mara mbili nako hakusaidii sana, maana watu hunakili na kubandika, kosa nalo likahamia.

Kwa hiyo fundi bora hukagua machache, yaani @ moja na kitu kila upande, kisha hutuma ujumbe wenye kiungo na kusubiri kibofywe. Ukurasa unaofuata huionyesha kwa maandishi makubwa anwani uliyoandika, pembeni pana kitufe cha kuibadilisha, na mengine yote uliyojaza yamebaki palepale.